Kasha la Kifaa Chako: Printa ya 3D Isikupumbaze

Unakumbuka 2020, korona ilipobana? Wenye printa za 3D jijini Nairobi walichapisha fremu za ngao za uso, na tangu hapo kila msee anayeunda kifaa chake nyumbani anaamini printa ndiyo jibu la kila kasha. Pole, si hivyo.

Mimi pia niliamini. Nilipoacha chuo niliunda kidude cha kufuatilia pikipiki, nikakiweka kwenye kasha la PLA. Jua la mchana likalipiga, likajikunja kama chapati. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na plastiki nyeusi ikianikwa juani inafika huko bila shida. Mwenye boda alitaka doo zake, nikarudisha. PETG huvumilia hadi karibu 80, ABS karibu 100, lakini ABS inasumbua kuchapisha: pembe zinainuka, na moshi wake si wa kuvuta ndani ya bedsita.

Kwanza jiulize unataka makasha mangapi. Moja au matano, chapisha tu. Ukifika 50 hesabu inageuka, kwa sababu printa inakula saa kadhaa kwa kila kasha, na stima ikipotea katikati huenda ukaanza upya. Hapo afadhali bamba la akriliki la milimita 3 likatwe kwa leza, ufunge kwa skrubu. Ila usimpelekee fundi wa leza PVC! Ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kuilia mashine yake kutu.

Kalibu ya kiwandani, ile ya kusukumia plastiki iliyoyeyushwa, hutoa kasha kwa sekunde. Lakini kuichonga kwa chuma kunaweza kumeza laki kadhaa kabla hujauza hata moja. Viongozi wanatuimbia viwanda kila kampeni, ilhali kati ya kijana anayetaka makasha 50 na kiwanda kinachotaka oda ya maelfu hakuna ngazi. Kalibu za kukodi kwa bei nafuu zingetusaidia kuliko semina nyingine ya ujasiriamali yenye soda na cheti.

Kwa sasa, kabla hujachora chochote, ingia hadiwea uangalie yale maboksi ya plastiki ya mafundi wa stima. Toboa matundu, ziba kwa silikoni. Kidude changu kinaishi humo siku hizi. Si cha kupostiwa Insta, lakini mvua haijaingia.