Mashine Si Kadhi

Wako wasemao kwamba mashine ijifunzayo haina upendeleo, kwa kuwa haina ndugu wala jirani. Upuuzi mtupu! Mashine hiyo hupewa mifano maelfu kwa maelfu ya mambo yaliyopita, ikatafuta yanavyofanana, kisha ikabashiri yajayo. Mifano ikiwa na dhuluma, nayo huirithi.

Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani iliwahi kujaribu mashine ya kuchagua waombaji wa kazi. Ilikuwa imefundishwa kwa maombi ya miaka 10, mengi ya wanaume. Ikajifunza kuwashusha wanawake.

Hapa Kenya nako, wako wakopeshaji wa simu wapimao watu kwa mashine. Muuza mboga akinyimwa mkopo, amwulize nani sababu? Karani dhalimu angalau ana mkubwa wake.