UMOJA HUJA BAADA YA KURA



Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja huzunguka katika karakana na stesheni zetu. Limefika mezani petu kwa barua na kwa mdomo, wala haifai tulikwepe. Swali ni hili: Wakuu wa chama cha siasa wamekwisha kumtaja mtu wao kabla ya kura ya mchujo. Wamemshika mkono juu ya jukwaa na kusema, "Huyu ndiye mtu wa chama." Je, mwanachama wa chama hicho akimpigia mwingine siku ya mchujo, amekuwa msaliti?

Jibu letu ni la. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa maana wako wenzetu wema wanaofikiri vingine, na sababu zao si za kijinga. Basi tuyapime maneno haya polepole.

Tuanze nyumbani. Sisi wa chama cha wafanya kazi twajua umoja ni kitu gani, maana hatuna silaha nyingine. Tukitaka kugoma twafanyaje? Twaita mkutano. Kila mtu asema lake, hata yule mwenye hofu. Kisha kura hupigwa na kuhesabiwa mbele ya macho ya watu. Baada ya hapo aliyetaka na aliyepinga husimama mahali pamoja. Mtu aliyepinga mkutanoni hatumwiti msaliti. Msaliti ni yule aingiaye kazini kwa mlango wa nyuma baada ya sisi sote kuamua. Kinachowatenga watu hawa wawili ni kura. Kabla ya kura kuna mashauri, na baada ya kura kuna umoja. Mtu akidai umoja kabla ya kura, anataka tunyamaze tu.

Wakubwa wa siasa hupenda methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ni nzuri. Lakini mkuu wa chama ni nani? Chama ni cha wanachama, na mchujo ndio siku yao ya kusema. Kama neno limekwisha kusemwa juu ya jukwaa, masanduku ya kura yaletwa ya nini?

Kura hii haikuokotwa njiani. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, viti vilikuwa 8 tu. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Watu walipimwa kwa masomo, mshahara, mali na utumishi, hata mmoja akapewa kura 3 na jirani yake asipate hata moja. Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alishinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi huo. Wazee wetu wengi wa reli walitazama tu. Mtu ambaye baba yake alinyimwa kura asiitoe yake bure kwa sababu ya kelele za jukwaani.

Sasa tutazame yaliyopita. Oktoba 1969 Serikali ilikipiga marufuku chama cha KPU, ikabaki KANU peke yake. Mchujo wa KANU wa Desemba mwaka huo ndio ukawa uchaguzi wenyewe. Wananchi waliwaangusha wabunge wengi sana, na mawaziri wakiwamo. Je, KANU ilikufa kwa sababu hiyo? Haikufa, ilitawala mpaka 2002. Wanachama walibadilisha watu, na chama kikabaki.

Februari 1988 mambo yalikuwa mengine. Wapiga kura wa mchujo waliambiwa wajipange mlolongo nyuma ya mgombea wao au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kushinda kiti, bila kura ya siri. Mahali pengine mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na watu wakitazama. Mfanya kazi alisimama juani mbele ya chifu na mbele ya bwana wake wa kazi, na wote wakaona yuko nyuma ya nani. Watu wa makanisa na mawakili walipiga kelele, na Desemba 1990 KANU yenyewe iliutupa utaratibu huo. Tukumbuke hayo tukisikia mtu akisema kwamba mwanachama mwaminifu hana haja ya siri.

Wenzetu wenye mawazo mengine hutujibu kwa mwaka 1992. Wasema, "Mwaona hasara ya kugawanyika?" Twaiona. FORD kilikuwa chama chenye nguvu ya kuiondoa KANU, kikavunjika kabla ya uchaguzi. Desemba 1992 Rais Moi alirudi madarakani kwa kura kama asilimia 36 tu, kwa sababu zile nyingine ziligawanywa na Matiba, Kibaki na Odinga. Lakini ugomvi wa FORD ulikuwa juu ya nini? Jambo moja kubwa lilikuwa njia ya kumchagua mgombea urais. Upande wa Kenneth Matiba ulitaka wanachama wote wapige kura. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulitaka wajumbe wa mkutano mkuu waamue. Hawakukubaliana, na mchujo wa pamoja haukufanyika kamwe. Basi FORD hakikuvunjwa na mwanachama aliyempigia huyu badala ya yule. Kilivunjika kwa kuwa wakubwa hawakupatana jinsi ya kuwauliza wanachama.

Tena, kutajwa na wakuu si dawa ya kushinda wala si sumu. Mwaka 2022 katika Homa Bay, ODM kilimpa Gladys Wanga tikiti moja kwa moja. Evans Kidero akasimama peke yake bila chama, na Wanga akashinda. Mwaka huo huo katika Nairobi, wakuu wa Azimio walimtaka Polycarp Igathe, na Tim Wanyonyi akaambiwa ampishe. Wananchi wakamchagua Johnson Sakaja wa UDA. Hatusemi kwamba Wanyonyi angeshinda. Twasema wanachama wa Nairobi hawakuulizwa, na siku ya kuulizwa ilipofika walikuwa na jibu lao. Sisi wa reli twaijua tikiti. Yakupa ruhusa ya kupanda gari, lakini haikuhakikishii kwamba utafika.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mshahara, maana huko ndiko jambo hili linakotuuma. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilileta makato ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wote. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisema hayapatani na Katiba. Machi 2024 yakarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 yakaanza makato mapya ya bima ya afya, asilimia 2.75. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi 30,000, makato hayo mawili ni shilingi 1,275 kila mwezi. Nyumba ni kitu chema, na hospitali ni kitu chema. Lakini wengi wetu hatukumwona mjumbe wetu akija kutuuliza kabla hajainua mkono wake. Juni 25, 2024, wabunge 195 walisema ndiyo kwa Mswada wa Fedha, na 106 wakasema la, huku vijana wamejaa barabarani. Wengine hawakurudi kwao tena. Kesho yake Rais mwenyewe akakataa kuutia sahihi.

Kwa nini mjumbe husema ndiyo wakati watu wake wasema la? Mara nyingi ni kwa sababu anajua tikiti yake inatoka kwa nani. Mjumbe aliyepewa tikiti na mtu mmoja humwogopa huyo mmoja. Mjumbe aliyeipata kwa kura za wanachama elfu nyingi huwaogopa hao. Hii ndiyo sababu yetu kubwa. Mchujo ndio mahali ambapo mbunge hujifunza bwana wake ni nani.

Basi tufanyeje? Kwanza, mtu aliyetajwa na chama tumsikilize kwa heshima. Huenda wakuu wamemtaja kwa sababu ni mtu wa kazi. Lakini tumwulize: Ulitajwa katika mkutano gani, na nani alikuwapo? Ulipiga kura gani juu ya makato yetu? Kama hujawa mbunge, ungepiga ipi? Akijibu vizuri, tumpigie bila haya. Akikimbia maswali, chama kina wengine, na kumpigia mmoja wao si kukiacha chama.

Pili, mchujo ukiwa wa haki na mtu wetu ameshindwa, tumpe mkono aliyeshinda na tufanye kazi pamoja mpaka Agosti. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu ashiriki mchujo kwa moyo wa kukubali hesabu yake. Lakini masanduku yakiibwa, hatuna deni kwa mwizi. Wenye ushahidi waupeleke kwenye kamati ya chama na kwenye baraza la migogoro ya vyama, si kwenye mawe na rungu.

Tatu, mtu aandae njia yake mapema. Tangu sheria ya vyama ilipobadilishwa Januari 2022, chama chaweza kuteua kwa kura ya wanachama au kwa wajumbe. Ulizeni chama chenu kitatumia njia ipi, na kama ni wajumbe, jueni mjumbe wenu ni nani. Tazameni pia majina yenu katika orodha ya Msajili wa Vyama. Mwaka 2021 watu wengi walistaajabu kujikuta wameandikwa katika vyama wasivyovijua. Wenzetu wa zamu ya usiku wapatane mapema na wenzao wabadilishane zamu. Na unga wa mgombea ukiletwa mlangoni, kumbukeni kwamba pakiti moja huliwa kwa siku mbili, na mbunge hukaa miaka 5.

Kuna waliotuomba tutoe amri: chama chetu cha wafanya kazi kiseme, "Mpigieni fulani." Hatutasema. Wanachama wetu wako katika vyama vingi vya siasa, na ada yao wanailipa kwa ajili ya mshahara na usalama wa kazi. Kifungu cha 38 cha Katiba champa kila raia uhuru wa kuchagua siasa yake. Kiongozi wa wafanya kazi akipanda jukwaa la mgombea na kusema ati wafanya kazi wote wako nyuma yake, mwulizeni ni mkutano gani uliompa maneno hayo. Kura zetu si magunia ya mahindi ya kupakiwa garini na kuuzwa kwa jumla. Tukimkataza mkuu wa siasa kutusemea kabla ya kura, yatupasa tujikataze sisi wenyewe kwanza.

Jambo hili litazungumzwa katika mkutano ujao wa tawi. Aliye na mawazo tofauti na yaliyoandikwa hapa aje ayaseme, naye atasikilizwa mpaka mwisho.

Ni sisi wenzenu katika kazi.