Aliyerudi akakuta nyumba ina mwenyewe

Ndugu msomaji, wewe uliyerudi kutoka uhamishoni ukakuta mlango wako umepakwa rangi nyingine, leo nina kitabu cha kukusimulia. Ni cha Kirusi, ila nadhani utakielewa kuliko maprofesa wengi.

Kinaitwa The Master and Margarita, yaani Fundi na Margarita. Mikhail Bulgakov alianza kukiandika mjini Moscow mwaka 1928, enzi za Stalin. Miaka miwili kabla, askari wa usalama walikuwa wamepekua nyumba yake na kuondoka na shajara yake. Mwaka 1930 alichoma mswada kwa mikono yake, kisha akaanza upya, akaendelea nao hadi alipofariki mwaka 1940. Mjane wake, Yelena, aliutunza. Jarida la Moskva lilikuja kuuchapa mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967, tena ukiwa umekatwakatwa.

Wengi hukisifu kwa vituko vyake. Shetani anaingia Moscow kama profesa mgeni, na paka wake mkubwa anapanda tramu na nauli yake mkononi! Wafanyabiashara wa mpakani watacheka kwa uchungu wakifika kwa mwenyekiti wa wapangaji: anapokea hongo ya rubli 400, anaificha chooni, askari wakija wanakuta dola. Enzi hizo dola zilitosha kukupeleka ndani.

Lakini mimi nasema moyo wa kitabu uko kwingine. Fundi, ambaye ni mwandishi, anatoweka Oktoba. Januari, usiku, anarudi na koti lile lile, sasa halina vifungo. Anasimama uani kwake kwenye theluji. Ndani, nyuma ya mapazia, kuna mwanga, na santuri inapigwa. Hagongi mlango. Anaondoka, na mwisho wake ni hospitali ya wagonjwa wa akili.

Aliyehamia ni rafiki yake, Aloisy Mogarych, aliyekuwa akimfafanulia habari za magazetini. Ndiye aliyemshitaki kwamba ameficha maandishi haramu. Anapobanwa, Mogarych anajitetea kwamba amejenga bafu na kupaka chokaa. Utetezi huo umewahi kuusikia, sivyo?

Tumezoea kuutupia utawala lawama zote, na kweli ule wa Stalin ulistahili. Ila karatasi ile hakuiandika Stalin. Moscow ya wakati huo familia nzima iliweza kuishi chumba kimoja na kugombea jiko na majirani. Shitaka moja lilitosha kukiacha chumba wazi. Bulgakov alithubutu kumtaja na jirani.

Mogarych anatupwa nje, anazinduka ndani ya treni huko karibu na Vyatka, hana suruali, lakini daftari la wapangaji analo. Wiki mbili baadaye ana chumba kingine kizuri. Miezi michache tena, anakalia kiti cha mkurugenzi wa fedha wa jumba la maonyesho. Fundi naye alirudishiwa chumba chake. Alikaa humo hata siku moja haikutimia.