Kwa nini sheria yasema ardhi haiibiwi?

Mwananchi wa kawaida akiulizwa wizi ni nini hatasita kujibu. Wizi ni kuchukua kisicho chako. Mwanasheria akiulizwa swali lilo hilo atavaa miwani, afungue kitabu, na jawabu lake litajaza kurasa kadha. Tofauti ya majibu haya mawili si jambo la kuchekesha. Katika mwanya uliopo baina yake ndimo zilimopitishwa ekari nyingi mno za mali ya umma.

Kitabu chenyewe ni Kanuni za Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Kilianza kutumika mwaka 1930, enzi ya ukoloni, kikachukua mahali pa kanuni zilizoletwa kutoka Bara Hindi. Kifungu cha 268 chamtaja mwizi kuwa ni yule anayechukua kwa hila, na bila ya haki yoyote ya kukidai, kitu kinachoweza kuibiwa, au anayekigeuza kitu hicho kiwe cha mtu asiye mwenyewe. Mahali pengine sheria hii ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Karani anayetwaa fedha za mwajiri wake akinuia kuzirudisha mwisho wa mwezi ni mwizi vilevile, kwani kuhusu fedha sheria haijali kama mtwaaji alikusudia kulipa baadaye. Wale wenye mazoea ya kusema, "Nilikuwa nimekopa tu," na watie hilo maanani.

Baada ya kueleza wizi ni nini, kitabu chaupanga kwa madaraja. Wizi wa kawaida adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Karani au mtumishi akimwibia mwajiri wake, miaka 7. Aibaye kitu mwilini mwa mtu, miaka 14, na ni hivyo hivyo kwa aibaye ndani ya nyumba ya kuishi kitu cha thamani inayozidi shilingi 100, fedha ambazo leo hazinunui hata pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili. Anayepokea mali ya wizi huku akijua ni ya wizi aweza kupata miaka 14, yaani zaidi ya yule aliyeiba. Wizi wa mabavu wa kutumia silaha, au wa kushirikiana na wenzake, hukumu yake ni kifo, ingawa tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa nchini.

Wizi wa mifugo nao una kifungu chake peke yake, cha 278, na miaka 14. Farasi yumo, nyumbu yumo, ngamia na nguruwe wamo. Hata mbuni yumo! Kuku hayumo. Anayesoma orodha hiyo hahitaji kuambiwa ni mali ya nani iliyokuwa akilini mwa walioiandika.

Karibu na wizi kuna kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313, ambalo adhabu yake ni miaka 3. Katika wizi mwenye mali hakukubali. Katika udanganyifu alikubali, bali alikubali kwa sababu alidanganywa. Lakini uongo wenyewe sharti uhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho haihesabiwi, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza hivyo mwaka 1989. Mtu akikuuzia kiwanja akidai ni chake, kumbe si chake, polisi wana kazi naye. Akipokea fedha zako na kuahidi kwamba mwezi ujao atakutafutia kiwanja, kisha asikuonekanie tena, huenda ukaambiwa kituoni kwamba hayo ni madeni, nenda ukafungue kesi ya madai.

Sasa turejee kwenye maneno yale niliyoyapita upesi: "kitu kinachoweza kuibiwa." Kifungu cha 267 chaeleza kwamba kitu kisicho na uhai chaweza kuibiwa ikiwa kina mwenyewe na ikiwa chaweza kuhamishwa. Kitu kilichoshikamana na ardhi hugeuka kuwa cha kuibika pale kinapong'olewa. Maana yake ni hii. Ukiingia katika uwanja wa shule usiku ukajaza mkokoteni mmoja wa mchanga, umeiba, na hakimu aweza kukufunga. Ukiuchukua uwanja wote, pamoja na mchanga wake, milingoti ya magoli na mti wa kivuli, kwa mujibu wa kifungu hicho hujaiba chochote. Ardhi haihamishiki, na kwa hivyo haiibiwi.

Nani atakayesema kwamba katika nchi hii jambo hilo ni fumbo la darasani tu? Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati za ardhi zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Misitu ilikatwa vipande, na hifadhi za barabara, mashamba ya utafiti na viwanja vya shule vikagawanywa. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akatokwa damu alipokuwa akitetea Msitu wa Karura. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi na polisi kwa sababu waliuangusha ukuta uliokuwa umejengwa kwenye uwanja wao wa michezo. Uwanja ulirejeshwa. Lakini tafakari, msomaji: lau mmoja wa watoto wale angekuwa ametoroka na tofali moja la ukuta ule, kosa lake lingekuwa na jina kitabuni, nalo ni wizi.

Watetezi wa sheria ilivyo watasema kuwa majaji wa kale hawakuwa wajinga. Ardhi, walisema, haikimbii. Aliyenyang'anywa ng'ombe huenda asimwone tena, lakini aliyenyang'anywa shamba analijua lilipo, basi na aende mahakamani arudishiwe. Hoja hiyo ilimfaa bwana mwenye shamba moja na ua wake. Haimfai mmiliki aitwaye umma, ambaye hajui kwamba kiwanja chake kimekwenda mpaka aone trekta. Tena ardhi haikimbii, lakini hati yake ina mbio. Leo i mikononi mwa kampuni isiyojulikana, wiki ijayo imeuzwa, mwezi ujao imewekwa rehani benki, na anayesimama mbele ya jaji hatimaye ni mnunuzi wa tatu anayeapa kwamba hakujua lolote.

Watasema pia kwamba vifungu vingine vipo. Kweli vipo. Kughushi hati ya kumiliki mali kwaweza kumfunga mtu maisha. Taabu ni kwamba hati nyingi za unyakuzi hazikughushiwa hata kidogo. Karatasi ilikuwa halali, muhuri halali, sahihi ya afisa halali. Kilichokuwa haramu ni kitendo chenyewe cha kugawa. Aliyejipatia usajili kwa udanganyifu, chini ya kifungu cha 320, adhabu yake ni mwaka 1, naam, mmoja. Sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi ina makali zaidi: yaharamisha kujitwalia mali ya umma kinyume cha sheria, yaweka kifungo cha hadi miaka 10, na yamtoza mkosaji mara mbili ya faida aliyoipata. Ni sheria njema. Hata hivyo wepesi wa serikali umeonekana zaidi katika kuidai ardhi kuliko katika kuwadai watu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya kiwanja kilicho kando ya bahari Mombasa, kwamba hati iliyotokana na ugavi usiofuata sheria haimkingi hata mnunuzi wa baadaye. Uamuzi huo ulistahili kushangiliwa, na ulishangiliwa. Lakini ile ilikuwa kesi ya umiliki. Haikuwa na kazi ya kumpeleka mtu yeyote kizimbani.

Uingereza, ambako mizizi ya sheria yetu iko, waliandika upya sheria yao ya wizi mwaka 1968. Wao pia walibakiza kanuni kwamba ardhi kwa kawaida haiibiwi, lakini waliweka tofauti moja yenye busara: mdhamini aliyekabidhiwa ardhi ya wengine, akaiuza kwa kuvunja uaminifu, ni mwizi wa ardhi hiyo. Sisi tumebaki na maneno ya 1930.

Wala hatuhitaji kuagiza wazo hilo ng'ambo. Kifungu cha 327 cha Kanuni zetu wenyewe chamwadhibu kwa miaka 7 mdhamini anayeigeuza mali ya amana kwa hila, nayo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, yasema ardhi ya umma imeshikwa kwa amana ya wananchi. Bunge halina budi kuyaunganisha haya mawili kwa sentensi moja isiyo na utata: kwamba afisa anayegawa ardhi ya umma akijua hana mamlaka hayo ni mdhamini aliyeiba, na kwamba anayeipokea akijua hivyo ni mpokeaji wa mali ya wizi. Kwa mpokeaji, miaka 14 tayari imo kitabuni, katika kifungu cha 322. Kwa mgawaji, ningependa kumwona mbunge atakayesimama na kueleza kwa nini adhabu yake iwe ndogo kuliko ya aliyeiba mbuni.