KUHESABU SI KUUMBA

Ndugu msomaji, barazani petu hapa Mtwara tumemsikia mzee wa heshima akimkataza mjukuu wake kusoma fizikia. Kosa la kijana ni kusema kuwa wataalamu huigiza kwa kompyuta namna galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zilivyofanyika na zinavyobadilika. "Hao wanashindana na Mwenyezi Mungu!" alisema mzee, na waliokuwapo wakaitikia.

Tunasema kwa adabu, lakini bila ya kificho: neno hili si la dini. Ni la kutojua, na linawakosesha watoto wetu elimu.

Nahodha aingiaye mdomo wa Ruvuma anajua kuwa mafungu ya mchanga huhama. Hukadiria njia kwa bamvua na mkondo, kisha hutia bildi apime kina. Bildi ikimkanusha, huacha kadirio lake. Hagombani na mto. Je, kwa kukadiria huko ameuumba mto?

Ndivyo wafanyavyo wataalamu hao. Huipa kompyuta hali ya ulimwengu ulipokuwa ungali mpya, na kanuni ya mvutano, kisha huiacha ihesabu. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2005, kompyuta kubwa ya Garching, Ujerumani, ilifuata mwendo wa chembe za hesabu zaidi ya bilioni 10 kwa zaidi ya mwezi mzima. Wala matokeo ya hesabu hayaabudiwi. Hulinganishwa na mbingu. Hesabu za mwanzo zilitoa galaksi zenye nyota nyingi mno kupita zionekanazo kwa darubini. Wataalamu hawakuilaumu mbingu. Waliisahihisha hesabu, wakatia ndani yake miripuko ya nyota zinazokufa, ambayo huitawanya gesi isigeuke nyota upesi.

Na sisi barazani, ni lini tulikubali kusahihishwa?

Abdurrahman as-Sufi, Muislamu wa Uajemi, aliandika mwaka 964 habari za kijiwingu kilicho kati ya nyota. Leo twajua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Asimamaye Msimbati usiku wa giza mwezi wa Novemba, akielekea kaskazini, aweza kukiona kwa macho yake. As-Sufi alitazama, sisi twafumba macho na kuwafumba watoto.

Kijana naye ajue: picha ya kompyuta si shahidi aliyeona. Ni kadirio lingojalo bildi.

Basi mzee wetu, mwache mjukuu wako asome. Ukichelea imani yake, keti naye uwanjani usiku, umwulize amejifunza nini.

Wallahu aalam.