Tezi Dume: Aibu Isituamulie

Lipo jambo moja ambalo wanaume wa makamo na wazee wa mkoa huu hulizungumza kwa mafumbo, au hawalizungumzi kabisa. Mzee huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo. Husimama muda mrefu akingoja mkojo uanze kutoka. Unapoanza hutoka kwa kusitasita, na akimaliza huhisi kwamba hajamaliza. Akialikwa arusini hukaa karibu na mlango. Akiwa na safari ya basi kwenda Nzega au Urambo, tangu alfajiri hanywi hata chai. Akiulizwa ana nini, hujibu kwamba ni uzee tu, au ni baridi ya mwezi wa Juni.

Mara nyingi si baridi. Ni tezi dume iliyokua. Na siku inapofika ya daktari kumwambia kwamba yapo matibabu, na kwamba mojawapo ni kupasuliwa, mzee huyo hujikuta mbele ya uamuzi ambao hajapata kuuzungumza na mtu yeyote. Safu hii leo haikusudii kumwamulia. Twataka kusema jambo moja tu: kwamba uamuzi huo, uwe wa kukubali au wa kukataa, yafaa ufanywe na hoja, wala usifanywe na aibu.

Sisi wa Tabora tunao mfano karibu kabisa na nyumbani. Kilometa chache kutoka mjini, pale Kwihara, lipo tembe ambalo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Alifika hapo mwezi Februari pamoja na Henry Morton Stanley, wakitokea Ujiji. Stanley alimshauri arejee kwao akapumzike apate nguvu. Livingstone akakataa, akabaki Kwihara hata mwezi Agosti, kisha akaondoka kuelekea kusini. Hakurudi tena akiwa hai.

Lisilosimuliwa sana ni kwamba mtu huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, aliugua kwa miaka mingi bawasiri iliyomtoa damu. Mwaka 1864, alipokuwa Uingereza, alishauriwa apasuliwe. Alikataa, na sababu mojawapo ni kwamba hakupenda udhaifu wake wa siri ujulikane na kuandikwa magazetini. Mwaka 1866 akarudi Afrika na ugonjwa wake. Tarehe 1 Mei, 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa amedhoofika kwa homa, kuhara na kutokwa damu. Wenzake, akina Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba hadi pwani. Walipofika hapa Unyanyembe mwezi Oktoba, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike papa hapa; wao wakakataa, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari, 1874.

Hatusemi kwamba bawasiri peke yake ilimwua, wala kwamba kisu kingemponya. Mwaka 1864 upasuaji ulikuwa wa hatari kubwa. Dawa ya usingizi ilikuwako, lakini Joseph Lister alikuwa bado hajachapisha njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda. Hilo alilifanya mwaka 1867. Kwa hiyo mtu wa siku zile aliyekataa kisu kwa kuogopa kidonda kuoza alikuwa na hoja nzito. Lakini kukataa kwa kuogopa kwamba watu watajua si hoja, ni aibu. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tunayotaka wazee wetu waishike.

Tezi dume ni kiungo kidogo, chenye uzito wa gramu zipatazo 20 kwa kijana. Kimekaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo. Umri unapozidi tezi hiyo hukua. Kati ya wanaume wenye miaka 60, karibu nusu yao imekwisha kukua. Wakifika miaka 80 ni kama wanane kwa kila kumi. Basi aliyepatwa na hali hii hakulogwa, wala haadhibiwi kwa mambo ya ujana wake. Tena kukua huku si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Yafaa ifahamike pia kwamba ukubwa wa tezi peke yake hauamui jambo. Yuko mwenye tezi kubwa asiyesumbuka, na yuko mwenye tezi ndogo aliyezibwa kabisa. Ndiyo maana madaktari hutumia maswali saba juu ya mkojo, yenye alama kuanzia 0 hadi 35. Aliye na alama 7 au pungufu ana taabu ndogo. Kuanzia 8 hadi 19 ni taabu ya kadiri. Kuanzia 20 na kuendelea ni taabu kubwa. Pamoja na hayo huuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote: ukiambiwa utaishi na hali hii siku zako zote zilizobaki, utajisikiaje? Hapana daktari awezaye kulijibu swali hilo kwa niaba ya mgonjwa.

Mwenye taabu ndogo anaweza kungoja. Kungoja huko kuwe kwa akili: apunguze kunywa maji mengi usiku, aache pombe na chai ya jioni, ajihadhari na baadhi ya dawa za mafua ambazo huweza kuziba mkojo, na arudi kupimwa. Mwenye taabu ya kadiri anaweza kupewa dawa. Ziko zinazolegeza misuli ya njia ya mkojo, kama tamsulosini, ambazo huonyesha nafuu kwa siku au majuma machache. Ziko nyingine, kama finasteridi, zinazoipunguza tezi yenyewe, lakini zahitaji miezi sita au zaidi, na humfaa zaidi mwenye tezi kubwa. Anayezimeza mwezi mmoja akaziacha kwa kusema hazifai, ameihukumu kesi kabla ya mashahidi kufika.

Lakini wako ambao kungoja kwao si subira tena, ni hatari. Ni yule ambaye mkojo umeziba, akawekewa mpira, na kila unapotolewa mkojo huziba tena. Ni yule ambaye figo zake zimeanza kuharibika kwa sababu mkojo hauna pa kutokea. Ni yule mwenye mawe kibofuni, au anayetokwa damu mara kwa mara, au anayepatwa na maambukizo yasiyokoma. Kwa hao ushauri wa kawaida wa madaktari ni upasuaji, maadamu mwili unaweza kuuhimili. Kukaa na mpira miezi na miezi, ukifichwa chini ya kanzu, si kuukwepa upasuaji bila gharama. Mpira nao huleta maambukizo na vidonda, na humnyima mtu msikiti, kanisa, shamba na baraza.

Sasa tuseme kweli juu ya kisu chenyewe, kwa kuwa anayeficha madhara ya tiba hana tofauti na anayeficha ugonjwa. Upasuaji waweza kufanywa kwa kupitisha chombo katika njia ya mkojo bila kupasua tumbo, au kwa kupasua chini ya kitovu, hasa tezi ikiwa kubwa sana au chombo kile kikiwa hakipo. Wa pili humpotezea mgonjwa damu zaidi na kumlaza wodini siku nyingi zaidi. Kwa wengi mkojo hutoka vizuri baada ya hapo, na hiyo ni faida ambayo dawa hazijaifikia.

Hata hivyo, wengi wa waliopasuliwa hupatwa na jambo ambalo wachache huambiwa mapema: manii hurudi nyuma yakaingia kibofuni badala ya kutoka nje. Hayamdhuru mtu, na raha ya tendo kwa kawaida haiondoki, lakini anayetaka mtoto yampasa alijue hilo kabla. Nguvu za kiume kwa walio wengi hubaki kama zilivyokuwa; wachache hulalamika kwamba zimepungua. Kushindwa kabisa kuzuia mkojo hutokea kwa nadra, pengine mtu mmoja au wawili katika mia. Tena tezi haitolewi yote. Ganda la nje hubaki, kwa hiyo aliyepasuliwa asiache kupimwa saratani kwa kudhani kwamba hana tena tezi.

Mwanamume aliyeambiwa haya yote akasema, "Taabu yangu yavumilika, sitaki," ameamua, na uamuzi wake uheshimiwe. Aliyeambiwa akasema, "Nataka kulala usiku," naye ameamua. Wa kuhurumiwa ni yule ambaye hakuambiwa, au aliyekimbia asiambiwe.

Wengi hukimbia kwa sababu ya kipimo. Daktari huingiza kidole kupitia njia ya haja kubwa ili aiguse tezi, na hilo kwa wanaume wetu huonekana kama kuvunjiwa heshima. Kipimo hicho hakizidi dakika moja. Kipo pia kipimo cha damu, lakini hakitoshi peke yake, maana damu huweza kuonyesha dalili kwa tezi iliyokua tu, na huweza kukosa kuonyesha palipo na saratani. Twauliza: heshima ya mzee huvunjwa na dakika moja katika chumba cha daktari, mlango ukiwa umefungwa, au huvunjwa na kujikojolea mbele ya wakwe?

Wapo wakubwa waliotutangulia katika kuivua aibu hii. Mwezi Novemba, 2014 Rais Jakaya Kikwete, akiwa bado madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani. Ikulu ilitangaza, naye aliporejea alisema wazi kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema. Januari, 2024 Uingereza, nchi ile ile ambayo Livingstone aliogopa magazeti yake, ilitangaza kwamba Mfalme Charles III angetibiwa tezi dume iliyokua isiyo na saratani. Katika matibabu hayo ikagunduliwa saratani nyingine, isiyo ya tezi, akaanza kutibiwa. Rais na Mfalme hawakupungukiwa na heshima kwa kusema. Lakini tukiri pia kwamba wao walikuwa na hospitali za kuchagua. Mzee wa Sikonge au wa Kaliua hana ndege.

Kwa sababu hiyo wito wetu hauwaelekei wazee peke yao. Sera ya nchi imesema kwa miaka mingi kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sera na sheria hizo zipimwe kwa mzee huyu: je, akifika dirishani anapata dawa anazotakiwa kuzimeza miezi sita, au anaandikiwa karatasi akanunue mjini? Akipewa rufaa kutoka zahanati kwenda Kitete, Nkinga au Bugando, nauli yake na ya anayemsindikiza inatoka wapi? Twaomba wenye madaraka wayajibu hayo, kwa maana haki ya kuamua haina maana kwa mtu aliyebakiwa na njia moja tu.

Madaktari na wauguzi nao twawaomba wazungumze na mzee kwa lugha anayoielewa, na kwa faragha, bila haraka. Akitaka mkewe au mwanawe awepo, awepo. Na sisi wa nyumbani tusingoje mzee aseme kwanza. Mke ndiye anayejua mara ngapi mume huamka usiku. Mtani naye anayo ruhusa ya kusema mzaha ambao mtoto hawezi kuusema, siku moja mzaha huo aufanyie kazi njema, amwambie mwenziwe, "Twende hospitali, nami nitapimwa."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Livingstone hakutaka habari za mwili wake zijulikane, na mwisho wake mwili huo ulipasuliwa na wenzake porini, ukapitishwa hapa Tabora mabegani mwa watu, na leo habari za ugonjwa wake husomwa na yeyote apendaye. Siri aliyoilinda haikubaki siri. Mzee anayesoma gazeti hili, na ambaye usiku wa jana aliamka mara tano, bado ana nafasi ya kwenda kuuliza. Akisha kuuliza akajibiwa, aamue apendavyo.