Pacha wa Kwenye Sarafu

Dada wa Kirumba, hapa Ilemela, anauliza: mchumba wake anataka kuchota laki mbili za harusi anunue sarafu ya shilingi 200 ya 1998, eti tarakimu za mwaka zimejirudia. Afanyeje?

Mpenzi, shikeni lenzi kwanza. Muhuri wa kuchapia ukitengenezwa na picha mbili, kama wa ile senti maarufu ya Marekani ya 1955, tarakimu hunenepa, pacha wake ameinuka na kuviringa, na kwenye kona utaona mpasuko. Muhuri uliolegea ukiteleza wakati wa kugonga, pacha huwa bapa kama kingazi, na tarakimu yenyewe inakonda. Hiyo ni mia mbili tu jamani, mpeni kondakta!

Mwambie mkiwa wawili, siyo mbele ya mashemeji.